Chafya ya Valvu Namba Saba

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita juzi, mvua imeanza leo, na Mzee Gershom amenipa daftari hili lenye jalada gumu la buluu. "Fundi bila daftari ni mganga," kaniambia. "Andika kila kitu, msichana wangu. Hata ile unaona ni upuzi." Nimeuma ulimi. Watu wa bara na ngeli hawajawahi kusalimiana. Lakini huyu ndiye aliyenifunza kazi, na kwake nasamehe hata "hii kitu". Miaka minne iliyopita nilipoingia kiwandani hapa Changamwe na cheti changu cha chuo, mafundi wengine walinipa ufagio. Yeye alinipa spana.

Basi naandika. Jina langu Mwanarehema, nakaa Jomvu Kuu na mamangu, na kazi yangu ni valvu, milango ya mabomba. Kiwanda chetu husafisha mafuta ya kupikia. Mafuta ghafi hupashwa moto ndani ya tangi kubwa kwa mvuke wa boila, na mvuke ukizidi, mafuta huumuka kama maziwa jikoni na kumwagika. Hakuna mtu anayesimama pale kutwa kufungua na kufunga. Hiyo ni kazi ya valvu Namba Saba. Kipimajoto hutuma habari, kisanduku kilicho ubavuni mwa valvu hupokea amri na kupeleka kichwani hewa iliyobanwa na mashine ya kompresa, hewa husukuma ngozi ya mpira, fimbo ya chuma hupanda, mvuke hupita. Hewa ikipungua, springi huishusha fimbo na mlango hufungika.

Somo la kwanza alilonipa Mzee lilikuwa hili: "Usiulize valvu inafanya nini ikiwa na hewa. Uliza itafanya nini hewa ikiisha." Valvu ya mvuke, hewa ikiisha, lazima ijifunge. Valvu ya maji ya kupoza, hewa ikiisha, lazima ijifungue. Ukichanganya hizo mbili utaua mtu. Maneno yake hayo, si yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimetoa maji yaliyojikusanya kwenye tangi la hewa. Ndoo moja.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Ndoo moja na nusu. Stima imepotea dakika tatu. Kompresa ikasimama, lakini tangi la hewa huwa na akiba ya dakika kama kumi, kwa hiyo valvu hazikujua lolote. Jenereta yetu huwasha taa na kompyuta za wakubwa, basi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine ya kukausha hewa ni mbovu tangu Januari. Leo nimeandika barua ya tatu. Mvua ikinyesha hewa ya pwani ni maji matupu, kompresa inayavuta, yanapita kwenye mabomba, yanaozesha mipira ya valvu. Meneja amesema barua imefika. Hata mbili za mwanzo zilifika.

Jumatano, 16 Aprili

Nimegombana na Matano. Ndiye mwendeshaji wa tangi la mafuta, Mdigo wa Likoni, mtu wa mzaha asubuhi hadi jioni. Huweka spana sikioni, ncha ya pili kwenye bomba, ati asikilize mitambo inasema nini. Mimi huniita Bi Valvu. Leo nimemkuta amefungua kwa mkono ile njia ya pembeni, bomba dogo linalopitisha mvuke bila kupitia Namba Saba, kwa sababu valvu ilikuwa nzito na tangi limepoa. Nikamwambia akirudia tena namripoti. Akaomba msamaha huku akicheka. Nimeufunga usukani wa njia hiyo kwa waya mwekundu, mizunguko minne. Ajaribu sasa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Ndoo moja na nusu.

Ijumaa, 25 Aprili

Valarie wa idara ya usalama ametukalisha saa nzima. Buti zake nyeupe pe, hazijawahi kukanyaga mafuta. Sheria yake ni kwamba anayetengeneza valvu siye anayeijaribu. Mtu wa pili aje, akate hewa, atazame fimbo inakwenda wapi, ndipo atie sahihi kwenye kadi. Mafundi wamekuna vichwa. Mzee Gershom amekaa nyuma, kofia imemfunika macho. Ana miaka thelathini na moja kazini na mwisho wa Julai anastaafu. Ati mimi nimkague yeye! Bibi huyu kadi zitamla.

Jumanne, 6 Mei

Mvua siku nne mfululizo. Ndoo mbili. Stima dakika tano.

Jumatatu, 12 Mei

Ndoo mbili. Namba Saba inakokota miguu. Barua ya nne.

Jumatatu, 19 Mei

Jumamosi sikuwepo, tulikuwa na harusi Jomvu. Nimefika leo nikakuta kumbe ngozi ya mpira ya Namba Saba ilipasuka Jumamosi saa tatu asubuhi, kama nilivyoandika kwenye barua nne. Spea haipo stoo. Meneja alitaka mafuta yatoke kabla ya jioni, na Mzee Gershom peke yake aliitengeneza valvu ndani ya saa tano. Inafanya kazi laini kuliko zamani. Wallahi yule mtu ana mikono.

Kadi ilikuwa mezani, sahihi yake juu, nafasi yangu chini, penye maneno "Imejaribiwa bila hewa".

"Iko sawa, Mzee?"

"Iko sawa."

Nikatia sahihi. Kumwambia ngoja nikate hewa nione kungekuwa kumwambia sikuamini. Sikulelewa hivyo. Nikamsimulia mama jioni namna Valarie anavyotaka watoto wawakague wazee, naye akasema, "Mwanangu, mkubwa akikwambia hili bichi na hili bivu, weye wala hilo bivu."

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Ndoo mbili. Stima dakika nne.

Jumatano, 21 Mei

Matano kanisimamisha mlangoni na spana yake.

"Bi Valvu, hebu sikiza. Namba Saba yako siku hizi yapiga chafya ikifunguka."

"Iambie yarhamukallah."

"Si mzaha. Zamani ilikuwa yapiga chafya ikifungika. Pssh, halafu mvuke wapungua. Sasa pssh, halafu mvuke wazidi. Nnaisikia tangu Jumatatu."

Nimemwambia aweke spana kwenye kichwa chake mwenyewe asikilize kama kuna kitu ndani. Wote waliokuwa kwenye foleni ya chai wamecheka. Yeye pia amecheka, lakini baadaye kidogo.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Ndoo mbili na nusu. Stima dakika sita.

Jumatatu, 26 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kama Mzee alivyonifunza.

Saa nane na dakika arobaini stima imepotea. Mvua ilikuwa kubwa hata ng'ambo ya ua haionekani. Nilikuwa chumba cha kompresa. Dakika tano. Dakika nane. Nikatazama saa ya tangi la hewa, mshale unashuka taratibu, wala sikuwa na wasiwasi. Hewa ikiisha, Namba Saba itajifunga, tutapumzika, tutakunywa chai. Dakika kumi na mbili. Mshale ukagusa sifuri.

Ndipo nikasikia ukelele kutoka upande wa tangi.

Nilipofika, mafuta yalikuwa yanamwagika pande zote, povu la rangi ya kahawia linateremka kuta za tangi, na mvuke umejaa hata sikumwona mtu. Pampu zote zimesimama, mafuta yametulia palepale, na mvuke unaingia kwa nguvu zote za boila. Wenzetu walikuwa wanakimbilia nje. Matano alikuwa ndani. Chini ya tangi, kwenye bomba kubwa, kuna valvu ya mkono, ya kuzungusha, na kuifunga ni mizunguko kumi na miwili. Nilimsikia anahesabu. Anahesabu kwa sauti, na mafuta yanamdondokea mikononi na mgongoni. Saba. Nane. Nikaita jina lake. Tisa. Sikuingia. Naliandika hilo pia: sikuingia. Alipofika kumi na mbili alitoka mwenyewe kwa miguu yake, mikono ameinyanyua mbele kama mtu anayebeba sinia, na ngozi ya mikono ile sitaki kuieleza.

Wamempeleka hospitali kwa gari la meneja.

Nikabaki. Nikapanda ngazi. Saa ya hewa ya Namba Saba inasoma sifuri. Springi ilitakiwa iwe imeishusha fimbo chini. Fimbo ilikuwa juu kabisa, alama kwenye WAZI. Nikatazama kichwa cha valvu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile nikakitazama kweli. Rangi yake ya kijani. Vichwa vya valvu za mvuke tumevipaka rangi nyekundu. Kijani ni maji ya kupoza. Mzee alichukua kichwa cha valvu ya maji iliyokaa bure upande wa pili, akakifunga hapa, akakigeuza kisanduku cha amri kisome kinyume ili kazi iende. Kukiwa na hewa, huwezi kujua. Hewa ikiisha, inafunguka yote. Na chafya ya Matano ndiyo hiyo: valvu hupumua nje inapopunguziwa hewa, na hii ilikuwa inapunguziwa hewa ili ifunguke. Mtu na spana yake alisikia kile ambacho mimi na cheti changu tulikitia sahihi.

Nikatazama na njia ya pembeni. Waya wangu mwekundu upo, mizunguko minne.

Mzee Gershom alikuwa amesimama chini ya ngazi. Sijui tangu lini.

"Shuka, msichana wangu," akasema. "Kuna utelezi hapo."

Jumanne, 27 Mei

Nimefika saa mbili. Kichwa cha Namba Saba ni chekundu. Mpira mpya ndani, spea ilifika jana hiyohiyo saa kumi. Kichwa cha kijani kimerudi kwenye valvu yake ya maji, kimepanguswa hata vumbi. Simu tunaziacha getini kwa sababu ya hatari ya moto, kwa hiyo sina picha. Waya mwekundu haupo. Nani ameukata sijui. Najua tu nani ana koleo.

Alhamisi, 29 Mei

Uchunguzi umechukua dakika arobaini. Namba Saba imekatiwa hewa mbele ya watu wote na imejifunga vizuri, kama mtoto mwema mbele ya wageni. Meneja akasema basi mvuke ulipita njia ya pembeni, na kila mtu anajua Matano ana mazoea ya kuifungua. Mzee akaulizwa. Akasema, "Mazoea hayo anayo." Nikaulizwa mimi kama niliwahi kumwona akiifungua.

Niliwahi. Nikasema niliwahi, mwezi wa nne.

Nilitaka kuendelea, kusema na waya je, na rangi ya kijani je. Mzee akanitazama. Hakukunja uso, alinitazama kama anavyonitazama siku zote, na nikaishia hapo. Valarie aliandika, kisha akauliza, "Kuna lingine, Mwanarehema?" Nikasema hakuna. Najichukia.

Mwendeshaji akipatikana na kosa la kuvunja sheria ya usalama, anaachishwa na hapati fidia. Iko kwenye kijitabu chao, ukurasa wa tisa.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imepungua. Ndoo moja.

Mzee kaja kwenye benchi langu wakati wa chai, akavuta kiti.

"Spea ilikuwa inakuja," akasema. "Nilijua siku mbili tatu narudisha kama zamani. Ilichelewa. Stima yenyewe haikuwa inapotea zaidi ya dakika sita. Wewe mwenyewe unaandika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetia sahihi?"

Nikaigeuza spana benchini.

"Ndiyo sababu sikukuambia. Nilikukinga. Sasa sikiza. Matano ni kijana, atapona. Mimi nimebakiza miezi miwili, kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja kinaningojea. Na ile kadi ina sahihi mbili. Nikianguka, sianguki peke yangu."

Akanipiga begani kidogo, kama alivyozoea, akaenda zake. Amenikinga! Mtu anakuchimbia shimo halafu anadai ujira wa kivuli. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba bado nampenda yule mzee. Nikishika spana nashika kama yeye. Hata hasira yangu nimeipanga kwa tarehe, kama alivyonifunza.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Nimemwambia mama yote. Ameacha nyama jikoni akaja kukaa kitandani kwangu.

"Matano ana mama?"

"Anaye."

"Basi mwenzangu leo hana Idi." Akapangusa mikono kwa kanga, kisha akasema, "Mimi nilikwambia mkubwa akikwambia hili bivu weye wala. Sikukwambia umlishe na mtu mwengine."

Jumatatu, 9 Juni

Ndoo nusu. Jua.

Nimekwenda ofisini kwa Valarie kabla ya kazi. Buti zake nyeupe zilikuwa kando ya mlango, zina madoa ya mafuta hadi juu. Kumbe ameingia chini ya tangi peke yake, siku mbili, anatafuta. Mvuke wa njia ya pembeni, akasema, hauwezi kumwaga mafuta kiasi kile kwa dakika chache, bomba lenyewe ni dogo. Amepiga hesabu. Lakini hesabu si ushahidi, na ripoti yake lazima aikabidhi Alhamisi.

"Nina daftari," nikamwambia.

"Lina nini?"

"Lina kila kitu. Lina hata niliyokutukana."

"Kesho kutwa asubuhi niletee," akasema. Hakucheka. "Ukijua kwamba nikilipokea, jina la kwanza kwenye ripoti ni lako."

Najua. Mezani kwake kadi ilikuwa juu ya faili, na sahihi yangu, nzuri, ya mtu asiye na haraka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeomba ruhusa, nimevuka feri, nimefika kwao Matano, Likoni, nyuma ya soko. Wamemtoa hospitali Jumamosi. Mamake alinikaribisha kwa chai na mahamri, hajui mimi ni nani. Niliyaacha sahanini.

Matano amekaa mkekani, mgongo hauegemei kitu. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwiko. Daktari amemwambia wa kushoto utapona. Wa kulia vidole vitatu vimeshikana na havitaachana.

"Bi Valvu," akasema.

Nikamwambia nimekuja kumsomea kitu. Nikamsomea tarehe 19. Nikamsomea tarehe 21 yote, foleni ya chai na kila kitu. Nikamsomea tarehe 26, pamoja na pale niliposema sikuingia. Yeye alitazama mlango tu.

"Soma tena pale uliponicheka," akasema.

Nikasoma tena.

"Haya. Na sasa? Yapiga chafya lini?"

"Ikifungika."

"Basi walirudisha." Akatikisa kichwa. "Kwa siku moja. Na mimi ningali kwenye dripu."

Nikamwonyesha ukurasa wa tarehe 16 Aprili, ule wa njia ya pembeni. Nikamwambia ukurasa huu watautumia dhidi yake. Naweza kuuchana kabla ya kesho, daftari ni langu, hakuna atakayejua. Mamake alikuja akachukua vikombe, akatoka.

"Uwache," akasema. "Niliifungua kweli siku hiyo. Ukichana mmoja watasema umechana na mengine. Na waya wako umo humo humo."

Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimeiandaa tangu kivukoni, ndefu, na ikatoka neno moja tu. Hakusema amenisamehe. Akasema mgongo unamwasha na hana wa kumkuna, akaomba niandike maelezo yake, kwa sababu Valarie ameyataka na hana mkono wa kuyaandikia.

Nimeyaandika hapa, kwenye ukurasa unaofuata, maneno yake bila kurekebisha ngeli wala herufi: alivyosikia Jumatatu, alivyonieleza mlangoni, alivyocheka na wengine ili asionekane mjinga, alivyozungusha mara kumi na mbili. Tulipomaliza nikatazama chini ya karatasi, mahali pa sahihi, kisha nikatazama mikono yake. Hata dole gumba la kupiga wino hakuna.

"Tia weye," akasema. "Wajua kutia sahihi kwa kazi ya mtu. Lakini safari hii soma kwanza."

Nikasoma. Nikasoma mara ya pili kwa sauti, neno kwa neno, yeye akisikiliza. Ndipo nikatia.